Kanda Saba, Kadi Moja

Inspekta Mahmudu alikuwa ametandaza gazeti kuukuu mezani pake, na juu ya gazeti amepanga vitu vyote vilivyotoka kisimani: kanda saba za muziki, yeboyebo za plastiki jozi moja, mkanda wa suruali, fulana ya kampeni ya uchaguzi wa mwaka elfu mbili, na simu iliyovimba kama andazi. Begi la turubai lililokuwa limevibeba vyote lilikuwa sakafuni, linanuka udongo. Sajenti Theodora Nangomwa alivitazama akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa hajaambiwa akae.

"Jalada nimelifunga, Theodora," alisema Mahmudu. "Kesho saa mbili asubuhi karandinga linampeleka Nurdin mahakamani, kosa la mauaji. Sasa wewe unataka nini tena?"

"Nataka siku ya leo, afande."

"Ya nini?"

"Ya simu hiyo."

Mahmudu alivua miwani. Alikuwa mkuu wa upelelezi hapa Newala kwa mwaka wa tatu, mtu wa pwani, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuchoka. Mambo yenyewe kwake yalikuwa yamekwisha. Wiki mbili nyuma, kule Kitangari, bibi mmoja mwenye nyumba alikuwa ameita wajenzi wafukue kisima cha zamani cha sementi, kile cha kukinga maji ya bati, ili kizibwe ufa na kitumike tena. Wajenzi walichimba udongo kimo cha mtu, wakakutana na mifupa. Kwenye makaratasi ya kanda kulikuwa na mwandiko wa kalamu: Gasper, Chiwata. Dada yake, Agatha, aliletwa kutoka Chiwata, akautambua mkanda na lile jino la mbele lililokatika. Kaka yake alikuwa mchuuzi wa kanda, anazunguka vijiji vyote vya juu huku. Alitoka nyumbani kwa ugomvi mwaka elfu mbili na mbili, hakurudi tena. Na mwaka huo nyumba ile ya Kitangari alikuwa amepanga Nurdin, fundi cherehani, ambaye sasa anaishi Masasi.

"Haya hesabu mwenyewe," alisema Mahmudu. "Kanda. Nani alikuwa bado ananunua kanda baadaye? Yeboyebo, za wakati ule. Fulana, mwaka umeandikwa kifuani. Dada anasema elfu mbili na mbili. Cuthbert, mtoto wa mwenye nyumba, anasema elfu mbili na mbili, na aliwaona kwa macho yake Nurdin na marehemu wamekaa barazani siku ya mwisho. Vitu kumi vinasema jambo moja. Halafu wewe unanishikia simu."

"Vitu havipigi kura, afande."

Mahmudu alicheka bila kutaka.

"Fulana ya mwaka huo ninayo hata mimi," Theodora aliendelea. "Mpaka leo naivaa nikienda kupalilia. Mtu akinikuta nayo shambani atasema huyu mama ni wa mwaka elfu mbili? Cha zamani kinavaliwa mpaka kiishe. Lakini simu haiwezi kufika kisimani kabla haijatengenezwa kiwandani."

"Simu zilikuwepo. Mimi nilikuwa nayo, nikiwa mafunzoni depo."

"Ya namna hii?"

"Simu ni simu. Miaka kumi ile yote ni ile ile, Theodora. Vijana suruali chini ya makalio, bongo fleva asubuhi mpaka jioni. Utaitenganisha kwa kisu?"

"Nikipata kisu kikali."

"Na nikisema simu ilitupwa humo baadaye? Au wajenzi wamechanganya?"

"Begi nililitoa mimi. Lilikuwa chini ya mgongo wa marehemu, na simu imeviringishwa ndani ya fulana. Iko ukurasa wa nne wa jalada. Sahihi ni yako."

Mahmudu alivaa miwani, akafungua jalada, akasoma ukurasa wa nne kana kwamba hajawahi kuuona. Kisha akaisukuma simu na fomu ya kuchukulia vielelezo.

"Mpaka saa kumi na mbili jioni. Na usiniletee maneno ya fundi wa sokoni peke yake, hakimu atanicheka. Niletee na mtu. Mtu aseme kwa mdomo wake."

Kabla ya kuondoka Theodora alipita mahabusu. Nje ya lango mke wa Nurdin, Mama Faidha, alikuwa amekaa na hotipoti yake mapajani kama alivyokaa siku kumi na moja zote. Chakula kilikuwa kinaingia kila siku, na kila siku kilikuwa kinarudi. Theodora alimsalimu, akapita.

Nurdin alikuja mpaka kwenye nondo, amekonda, shati limemwagika mabegani.

"Shikamoo, Baba Faidha."

"Marahaba, mama. Umekuja kuniuliza tena?"

"Moja tu. Ile nyumba ya Kitangari, mlihama lini?"

"Mwaka elfu mbili na nne, mwezi wa kumi na mbili. Mwenye nyumba alitaka kurudi kwake, yeye na mwanawe Cuthbert. Hatukugombana."

"Kisima mlikiachaje?"

Nurdin alimtazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kijinga.

"Tulikiacha na maji. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Mama Cuthbert mwenyewe alifunua mfuniko, akateka ndoo, akanywa, akasema ahsante kwa kunitunzia. Utahamaje nyumba huku juu ukaacha kisima kikavu? Watu watakusema vipi?"

"Huyo Gasper ulimfahamu?"

"Nani hakumfahamu Gasper? Alikuwa ananiuzia kanda. Lakini ugomvi naye, mama, ugomvi wa nini? Nimeshasema mara sita."

"Nimesikia mara sita," alisema Theodora. Aliandika neno moja katika daftari lake: maji. Kisha akaenda kuwasha pikipiki ya kituo.

*

Barabara ya kushuka Masasi ilikuwa na malori ya korosho, na saa tano kasoro ndipo alipoyaona yale majabali ya mjini yamesimama juu ya mabati. Hakwenda kwenye duka kubwa la simu. Alikwenda nyuma ya soko, kwa Uwesu, mzee wa miaka hamsini aliyekuwa akitengeneza redio kabla hajaanza kutengeneza simu, na saa za mkono kabla ya redio. Kibanda chake kilikuwa na mwavuli wa kampuni iliyokufa zamani.

Uwesu aliipokea simu kwa vidole viwili.

"Afande, hii hata ukiipeleka kwa mganga. Unataka iwake?"

"Sitaki iwake. Nataka uniambie umri wake."

"Ah! Unataka kuiposa?" Alicheka peke yake, akavuta kiti, akaanza kuifungua kwa bisibisi ndogo kama sindano. Ganda lilitoka kwa vipande. Betri ilikuwa imepasuka na kumwaga ungaunga mweupe. Karatasi yenye namba chini ya betri ilikuwa imeliwa yote. Theodora alikuwa ameitegemea hiyo.

"Usikunje uso," alisema Uwesu. "Ona hapa. Nyumba ya laini moja. Na hapa, nyumba ya laini ya pili. Hii ni mchina wa laini mbili. Na hapa pembeni..." Alichokoa kwa ncha ya bisibisi, kikatoka kidude cheusi kama ukucha wa kidole kidogo. "Memori kadi. Huyu alikuwa anasikiliza nyimbo zake humu."

"Inasomeka?"

"Imeoza miguu. Nyimbo zimekwenda."

"Sasa niambie. Mwaka elfu mbili na mbili ungeweza kuipata hapa Masasi?"

Uwesu aliweka bisibisi chini ili acheke vizuri.

"Mwaka elfu mbili na mbili, afande, mtu mwenye simu hapa mjini alikuwa anaichomeka kiunoni apite nayo msikitini na kanisani aonekane. Laini moja, hata tochi haina. Muziki ilikuwa kanda, na tajiri alikuwa na sidii. Kisha zikaja simu za tochi, tukashangaa. Kisha ndiyo wakaja hawa wachina, kelele mpaka nyumba ya tatu. Watu wa leo wanachanganya tu, wanasema enzi zile, enzi zile. Mimi ndiye niliyekuwa nakula kwa hizo enzi. Nilikula redio kaseti, zikafa, nikalala njaa msimu mzima, ndipo nikajifunza simu. Mtu hasahau mwaka aliolala njaa."

"Hakimu hataki njaa yako, mzee. Anataka namba."

"Namba anayo hapa." Aliisugua bodi kwa mswaki wenye spiriti, akavaa lenzi jichoni, akainama muda mrefu. "Lete karatasi. Hii chipu kubwa ina namba ya kiwandani. Wanaandika mwaka na wiki. Sifuri nane, moja sita. Na hii nyingine: sifuri nane, moja tisa. Mwaka elfu mbili na nane, wiki ya kumi na sita, wiki ya kumi na tisa. Mwezi wa nne, wa tano. Wakati huo iko China bado, haijapanda hata meli."

Theodora alichukua lenzi akaangalia mwenyewe. Tarakimu zilikuwa ndogo kama vumbi, lakini zilikuwepo. Alizipiga picha, akamwandikisha Uwesu maelezo yake mstari kwa mstari, akamsomea, mzee akatia sahihi yenye mkia mrefu.

"Nikiitwa mahakamani nivae kanzu au suti?"

"Vaa hiyo lenzi."

Alipokuwa anawasha pikipiki alikuwa ameshapanga hatua inayofuata. Gasper alikuwa hai baada ya katikati ya mwaka elfu mbili na nane, alikuwa hai miaka sita tangu dada yake alipomwona mara ya mwisho, akizunguka na mzigo wake wa kanda ambazo hazikuwa na mnunuzi tena na simu mpya mfukoni. Na mwaka huo Nurdin hakuwepo Kitangari. Aliyekuwepo alikuwa Cuthbert, na Cuthbert alikuwa ametoa maelezo yenye mwaka. Kwa nini mtu aseme aliona jambo katika mwaka ambao jambo hilo halikuwepo? Theodora aliyasoma tena maelezo yale pale pale juu ya pikipiki. Yalikuwa nusu ukurasa. Polisi aliyeyaandika hakuuliza chochote. "Nilimkuta Gasper amekaa barazani na Nurdin, anapiga muziki, wakaanza kugombana."

Anapiga muziki. Theodora alikunja karatasi.

*

Kitangari alimpitia kwanza mtendaji wa kijiji, Bi Rahima, na mgambo wawili. Aliwaambia mgambo wabaki njiani, chini ya mkorosho, wasionekane. Bi Rahima aliingia naye awe shahidi.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu. Uani kulikuwa na kile kisima, wazi, na kamba ya polisi imezungushwa juu ya vijiti. Mama Cuthbert, ambaye kanisani waliandika jina lake Paulina, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Pembeni korosho zilianikwa. Mwanawe alikuwa anazigeuza kwa mguu, mwanaume wa miaka arobaini na saba, mnene wa shingo, mpole wa sauti.

"Hodi hapa."

"Karibuni, karibuni. Cuthbert, toa viti."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Newala? Mmeshamfunga yule?"

"Bado, mama. Kesho ndiyo anakwenda mahakamani. Nimekuja kukamilisha maelezo ya Cuthbert tu, yasije yakapungua kitu mbele ya hakimu."

Cuthbert alikaa. Theodora alifungua daftari juu ya goti.

"Ulisema Gasper alikuwa anapiga muziki."

"Ndiyo."

"Muziki ulikuwa unatoka wapi?"

"Kwenye simu yake, kwani wapi tena?"

"Hebu nisimulie nione. Hakimu anapenda kuona."

"Alikaa pale barazani, mguu juu ya mguu. Anaminya, wimbo unaanza. Haujafika hata kiitikio, anauruka, anaweka mwingine. Nikamwambia, wewe, acha basi mmoja uishe."

"Wewe ulimwambia."

"Mimi... au Nurdin. Mmoja wetu."

Theodora aliandika yote mawili.

"Kaseti ungeurukaje wimbo?"

"Kaseti?" Cuthbert alitabasamu. "Kaseti kazi, afande. Unapeleka mbele, unapitiliza, unarudisha. Betri zikichoka unazungusha kwa kalamu ya biki."

"Kumbe unakumbuka vizuri."

"Ujana huo."

"Na hii ya kuuruka kwa kidole, ni mwaka gani?"

Tabasamu halikuondoka, lakini lilisimama. "Ule ule. Elfu mbili na mbili."

"Simu yenyewe nimetoka nayo kwa fundi. Ni ya laini mbili na memori kadi."

"Simu zilikuwepo, afande."

"Kitangari?"

"Alikuwa mtu wa safari. Angeweza kuitoa Dar, Msumbiji, popote. Fundi anajua za Masasi tu."

"Chipu zake zimeandikwa elfu mbili na nane."

"Basi mtu aliitupa humo baadaye. Hilo mimi nitalijuaje? Mimi nilichokiona nimekisema. Miaka ile ni ile ile tu, watu walikuwa na simu, watu walikuwa na kaseti."

Bi Rahima alimtazama Theodora pembeni. Mtu huyu hakuwa mjinga. Angesema hivyo hivyo kizimbani kwa sauti ile ile ya upole, na wakili angemwongezea, na Nurdin angekaa ndani mwaka mzima akingoja mabingwa wa chipu watoke Dar es Salaam. Theodora alifunga daftari.

"Sawa. Tuachane na simu. Nikuelewe hapa: mwaka elfu mbili na mbili Nurdin alimuua Gasper, akamtumbukiza kisimani."

"Mimi sikuona kumtumbukiza. Ila ndiyo hivyo."

"Na nyinyi mlirudi humu mwisho wa elfu mbili na nne."

"Ndiyo."

"Mkawa mnateka maji wapi?"

Cuthbert alitupa jicho kwenye mkeka. Kisu cha mama yake kilisimama juu ya mng'oko.

"Mama Cuthbert," Theodora aligeuka polepole, "mliporudi, maji ya kunywa mlikuwa mnateka wapi?"

"Hapo hapo, mwanangu. Kisima changu hicho. Marehemu baba yao alikijenga kabla hata bati la nyumba halijaisha."

"Na majirani?"

"Wote. Wakati wa kiangazi bomba linakata wiki tatu, nani hakuja hapa? Rahima huyo, mama yake aliteka hapa. Msiba wa kwa Mzee Yeremia, ndoo ishirini zilitoka hapa. Padri akija kuzungukia wagonjwa alikuwa anasema, Mama Cuthbert, nipe yale maji yako."

"Basi mwanao ameandikisha polisi, na kesho yatasomwa mahakamani, kwamba siku zote hizo maiti ilikuwa humo."

Mama Cuthbert alimtazama mwanawe. Kisha akamtazama mtendaji, ambaye alikuwa ameshika mdomo.

"Nani kasema?"

"Mama," alisema Cuthbert, "hayo ni mambo ya polisi."

"Nakuuliza nani kasema kwamba mimi niliwanywesha watu maji ya maiti!"

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze? Wewe unataka niende kanisani Jumapili nikae benchi gani?" Alikuwa amesimama, maganda yanadondoka kwenye khanga. Alimgeukia Theodora, na ikawa kama Cuthbert hayupo. "Sikiliza, mwanangu, uandike. Kisima hicho nilikuwa nakiosha mimi. Kila mwaka, maji yakiisha, kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, nashusha ngazi, naingia na ufagio na jivu, nasugua chini mpaka naona sementi. Kwa mikono hii. Kulikuwa na nini humo? Majani na chura mmoja. Ningekosa kumwona mtu?"

"Umeingia mara ngapi tangu mrudi?"

Alihesabu kwa vidole, akitaja si miaka bali mambo: mara ya kwanza mwaka binti yake mdogo alipoanza darasa la nne, mara ya pili mwaka wa ugonjwa wa kuku, mara ya tatu mwaka mkorosho mkubwa ulipoanguka, mara ya nne mwaka mkwewe alipokuwa na mimba ya Getrude.

"Halafu?"

"Halafu kikapasuka. Mvua ile ile, masika katikati, Getrude ana wiki mbili. Asubuhi nafunua, maji hakuna, yamenywewa na ardhi. Nililia. Tulimbatiza mtoto kwa maji ya kuazima."

"Cheti cha ubatizo kipo?"

"Kipo, kwa nini kisiwepo?" Aliingia ndani, akatoka na bati la biskuti, na ndani yake, katikati ya kadi za kliniki, cheti. Theodora alikisoma, akampa Bi Rahima naye akisome kwa sauti. Jumamosi Kuu, mwezi wa nne, mwaka elfu mbili na tisa.

"Kwa hiyo mpaka kinapasuka kilikuwa safi."

"Kama sahani."

"Na baada ya hapo?"

"Kilikaa kitupu. Nilikuwa nahofia watoto. Nikaenda Masasi kwa mdogo wangu anauguza, ilikuwa mwezi wa nane, niliporudi nikakuta Cuthbert amekifukia. Peke yake! Udongo wote ule, na juu amepanda mgomba. Nilimshukuru sana. Nilisema, huyu kweli mwanangu. Mwaka huu ndiyo nikaona mgomba umekufa, nikasema nikifukue, nikizibe. Yeye alikuwa Masasi na korosho, nikataka akirudi akute..."

Aliacha neno lilipofika. Alikuwa bado ameshika kifuniko cha bati la biskuti.

Cuthbert alikuwa anatazama korosho. Theodora alisogeza kiti kidogo, kikawa kati ya Cuthbert na njia ya uani, na akawaita mgambo kwa jina moja moja. Walipoingia ndipo alipofungua ukurasa mpya.

"Cuthbert, mimi ni Sajenti Theodora Nangomwa. Nakuonya kwamba unatuhumiwa kwa kifo cha Gasper. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, nitaandika, na litatumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Una la kusema?"

Jogoo wa jirani alipita mbele yao, akadonoa korosho, akafukuzwa na mgambo.

"Alikuwa na sauti yako, mama," alisema Cuthbert.

"Sauti gani?"

"Kwenye simu. Unyago wa mwezi wa sita, ule ulioimbisha wewe. Alikaa nyuma ya ua wa kwa kina Mzee Yeremia, akarekodi zote. Nyimbo za ndani, zile za wanawake. Akawa anazipiga kilabuni kwa wanaume, anaingiza kwenye simu zao. Wanacheka. Wanaiga sauti yako. Nilimwambia afute, akasema, kanda zangu zimekufa, sasa na mimi nile nini? Akaja mpaka hapa kwangu, barazani, wewe hupo, akakaa mguu juu ya mguu, akaruka wimbo, akaruka wimbo, mpaka akafika kwako." Aliitazama mikono yake. "Nilimpiga na mchi. Mara moja. Sikujua kama mara moja ingetosha. Simu nikaiviringisha kwenye fulana yake, nikaitia begini."

Bi Rahima alisema kitu kwa Kimakonde, chini chini. Theodora aliandika bila kuinua kichwa, mpaka nukta.

"Mwaka gani?"

"Elfu mbili na tisa. Mwezi wa nane."

"Na kwa nini ulisema elfu mbili na mbili?"

"Polisi ndio walisema kwanza. Walikuja na fulana, na dada mtu, wanasema elfu mbili na mbili, Nurdin alikuwepo? Nikasema ndiyo, alikuwepo. Nilibadilisha mwaka tu. Mengine niliyaacha kama yalivyokuwa."

Mama Cuthbert alikuwa amekaa tena kwenye mkeka. Theodora alingoja alie, kwa maana wengi hulia hapo, na alikuwa amejiandaa kungoja. Hakulia. Alikipangusa kisu kwa khanga, akakiweka mbali na yeye.

"Ungeniambia," alimwambia mwanawe. "Mimi ndiye niliyetukanwa. Tungemwita kwa wazee, tungemvunjia hiyo simu mbele ya wanawake wote, na angehama mwenyewe. Haya. Hilo ni la wewe na Mungu wako. Na Nurdin?"

Cuthbert alirudisha macho kwenye korosho.

"Nurdin aliniachia kisima kimejaa. Nurdin alifanya nini?"

Mgambo walimwinua Cuthbert. Hakukataa. Alimwomba mtendaji amwangalizie korosho zisinyeshewe, akapita mbele ya mama yake bila kumgusa, na mama alimtazama mpaka alipokunja kona ya ua.

"Mama," alisema Theodora, "maneno yako ya kisima nayahitaji kwa maandishi. Lakini sheria haikulazimishi leo. Naweza kurudi kesho kutwa, ukishapumzika."

"Na Nurdin anapelekwa lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi unaniuliza nini? Andika."

Aliyasema yote upya tangu mwanzo, ufagio, jivu, chura, mgomba, na pale Theodora alipotaka kuruka jambo alimrudisha. Ilichukua saa nzima. Alipoulizwa kama ataweka dole gumba alichukua kalamu, akaandika Paulina herufi moja moja, akakagua, akairudisha.

Theodora alitoa simu ampigie Mahmudu. Ilikuwa saa kumi na nusu. Muda ulikuwa unamtosha na kubaki.

"Unampigia nani?" aliuliza Mama Cuthbert.

"Mkuu wangu, mama. Alizuie karandinga."

"Huyo atangoja. Mpigie kwanza Mama Faidha."